Nyumba Tisini za Nyigu

Mama yangu anauza udongo. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa miaka yangu yote ya chuo sikulisema hata mara moja, na kila nilipojaribu kuandika kisa hiki nikianzia kwingine, nilijikuta nazunguka tu. Anauza udongo wa kula, ule mweupe wa vijiti vyenye urefu wa kidole, unaokaushwa kivulini na kupitishwa moshini kidogo. Wanunuzi wake ni wanawake wenye mimba, pamoja na wachache waliokwishazaa zamani lakini wakashindwa kuuacha. Meza yake iko Mwananyamala, kwenye njia ya watu waendao kliniki. Juu ya meza kuna sinia la bati, na juu ya sinia kitambaa cheupe cha kuzuia vumbi. Wapo wanaouliza vumbi linaharibu nini kwenye udongo. Mama hajibu maswali ya namna hiyo.

Biashara hii ina adabu zake. Mteja hatamki neno udongo. Anasimama pembeni akitazama barabarani kana kwamba anasubiri mtu, kisha anasema, "Shikamoo mama. Kipo?" Mama anamjibu, "Marahaba. Kipo." Anafunga vijiti kwenye kipande cha gazeti, mteja anatumbukiza kwenye pochi na kwenda zake. Kwetu sisi watu wa pwani mimba haitangazwi mapema. Miezi ya mwanzo ni siri ya mke na mume, na muuza udongo anaijua kabla hata mama mkwe hajaanza kuhisi. Kwa sababu hiyo mama akikutana na mteja wake harusini au dukani hamsalimii kwanza. Anajitia hamnazo mpaka mwenyewe aanze. Nimewahi kumwona amekaa msibani bega kwa bega na mwanamke aliyenunua kwake asubuhi ile ile, na wakaulizana majina.

Adabu ya pili ni kwamba mwenye uchu wa mimba hanyimwi. Mama anaamini kwa dhati kabisa kwamba ukimnyima, ubaya wake utamfuata mtoto, kisha utakurudia wewe. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba nikiwa na miaka tisa nilinyang'anywa embe mkononi, tena nimeshaliuma mara mbili, likapewa mama mmoja aliyekuwa anapita na hata hakuomba. Alilitazama tu. Nililia mpaka magharibi, na mama hakunifidia.

Baba alitutoka nikiwa mdogo, kwa hiyo chuoni walipouliza wazazi wanafanya nini, niliulizwa juu ya mtu mmoja tu. Nilijibu, "Mama ana biashara ndogondogo." Jibu hilo linatosha Dar es Salaam nzima. Wenzangu wengi walikuwa watoto wa walimu na makarani waliohamia kutoka bara, na mmoja alikuwa na baba mwenye duka la fremu za picha. Sikuwa nawaonea haya kwa umaskini, maana hatukuwa maskini wa kutisha. Haya yangu ilikuwa udongo wenyewe. Nilikwishaona jinsi watu wanavyocheka wakisikia kuna mtu anaula, na nikawaza watakavyocheka wakisikia kuna mtu anautengeneza.

Chuo chetu kipo Kinondoni, kwenye jengo lililokuwa ghala. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anatoa kazi moja kubwa, na mwaka wetu tuliambiwa itokane na maumbile: mimea, wadudu, mawe, maji, chochote ambacho hakikutengenezwa na mtu. Kulikuwa na sharti moja lililoandikwa kwa wino mwekundu. Mwanafunzi aandae malighafi kwa mikono yake mwenyewe, tangu inapotoka mpaka inapotundikwa, na kila hatua aiandike kwenye daftari la kazi litakalowekwa mezani siku ya maonyesho. Sharti hilo lilikuwa na historia yake. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alileta kinyago kizuri sana, ikaja kugundulika kwamba kilichongwa na fundi wa barabarani, na hatukumwona tena chuoni.

Mimi nilikuwa narudia somo hilo. Mara ya kwanza nilileta vitambaa vya batiki ambavyo rangi yake ilichuja kabla ya mtahini kufika, nikafelishwa. Mwalimu wetu, mwanaume mrefu mwenye sauti ya chini, aliniita akaniambia bila ukali wowote, "Mara hii ukianguka ni disko. Hakuna mara ya tatu." Disko kwa wanafunzi ni kufukuzwa. Kwa hiyo nilijua nimesimama wapi.

Walitupeleka Pugu kutazama msitu. Wenzangu waliingia ndani na madaftari yao wakachora miti, mizizi na ndege waliokuwa hawatulii. Mimi miti hainigusi sana. Nilibaki karibu na kibanda cha mlinzi, na chini ya paa lake nikaona nyumba za nyigu, wale weusi wenye kiuno chembamba kama uzi wanaojenga kwa tope. Kila mtu anawajua. Wanajenga nyuma ya picha za ukutani, kwenye matundu ya kitasa, hata kwenye kiatu usichokivaa. Lakini sikuwahi kukaa nikamtazama mmoja akifanya kazi. Anakuja na kidonge cha tope kama punje ya choroko, anakipachika, anakitandaza kwa mdomo, anaondoka. Nilihesabu safari thelathini na moja kwa nyumba moja. Akishamaliza anatia ndani viwavi aliowadunga wakalegea, anataga yai, anaziba mlango, kisha haonekani tena.

Mwalimu alinikuta nimechora kurasa kumi na mbili za nyumba hizo.

"Msitu wote huu, wewe umeona ukuta wa kibanda?"

"Ndiyo, mwalimu."

Alitazama kurasa zote, akanirudishia daftari. Alisema niendelee.

Mpango wangu ulikuwa kutengeneza nyumba tisini za nyigu, kila moja kubwa kama ngumi, na kuzipachika kwenye dirisha kuukuu la mbao nililolipata Temeke kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa. Udongo niliuchimba mwenyewe Pugu, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja aliyeniruhusu, ndoo mbili. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kazi unasema hivyo, na ukurasa huo ni wa kweli. Niliutwanga huo udongo, nikauchanganya na maji, nikafinyanga nyumba ishirini. Zilipokauka zilipasuka zote. Nikafinyanga nyingine kumi na tano, nazo zikapasuka. Mwalimu alizigusa kwa ncha ya kalamu, kipande kikadondoka.

"Hizi hazitafika kwenye maonyesho," alisema. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Niliyatia mabaki kwenye boksi nikarudi nayo nyumbani. Sikuwa na nia ya kumwonyesha mama. Lakini nyumba yetu ni vyumba viwili na ua wa kuchangia, hakuna pa kuficha boksi. Aliokota kipande, akakivunja, akatia chembe mdomoni, akatema.

"Nani kakutwangia huu?"

"Nimetwanga mwenyewe."

"Hujatwanga hapa. Umeupigapiga tu ukauacha na mchanga wake. Halafu umeufinyanga siku hiyo hiyo, eti? Udongo haujalala."

Nikamweleza ninachotaka kufanya na kwa nini nina haraka. Alisikiliza huku akisugua kile kipande katikati ya vidole. Kuhusu sanaa hakusema neno, maana hajawahi kuwa na neno la kusema hapo. Kuhusu udongo alisema, "Nitakutengenezea. We' kaa ufinyange." Hakuna siku niliyompenda kama siku ile, na naandika hivyo nikijua kinachofuata.

Aliifanya kazi hiyo wiki mbili, kila alfajiri baada ya kuswali na kabla ya kwenda kwenye meza yake. Alitwanga mabonge makavu kwenye kinu mpaka yakawa unga, siku nne mfululizo. Aliuchekecha unga ule kwa kipande cha chandarua. Aliuloweka siku tatu, akamwaga maji ya juu, akaukanda, akauviringisha, akaufunika na gunia bichi ulale. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: alichukua vijiti vyake vilivyovunjika ambavyo haviuziki, akavisaga, akachanganya chenga zile na udongo mpya. Alisema chenga ndizo zinazouzuia kupasuka. Mwalimu mmoja aliwahi kutufundisha kitu kama hicho mwaka wa pili na mimi sikuandika.

Mimi nilikaa kwenye kigoda na daftari langu, nikimuuliza na kuandika. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa dogo la kuchekesha ukilitazama kwenye karatasi. Nilipoanza niliandika sawasawa: ametwanga siku nne, amechekecha kwa chandarua, ameloweka. Usiku wa kuamkia kukabidhi nikalinakili daftari upya kwa mwandiko safi, na kila palipokuwa na "ame" nikaweka "nime". Nimetwanga siku nne. Nimechekecha kwa chandarua. Nimeloweka. Kiswahili kilinirahisishia kazi. Hakuna sentensi hata moja iliyohitaji kubadilishwa zaidi ya hapo.

Nyumba tisini zilikauka bila ufa hata mmoja. Mwalimu aliponiuliza nimefanyaje, nilisema nimejifunza kwa makosa. Alifurahi. Alisema kazi yangu inazungumzia umama, yule nyigu anayejenga kwa ajili ya mtoto ambaye hatamwona. Sikuwa nimewaza hivyo, nilikuwa nimezipenda tu zile nyumba, lakini nilitikisa kichwa kama mtu aliyegunduliwa.

Maonyesho yalikuwa ya siku tatu na mtahini wa nje angekuja siku ya mwisho. Mama aliniuliza yataanza lini.

"Ijumaa. Ila ni ya watu wa chuo tu," nilimwambia.

"Ah. Basi sawa," alisema, akaendelea kuchambua mchicha.

Haikuwa kweli. Mlangoni kulikuwa na bango limeandikwa KARIBUNI WOTE, herufi kubwa kuliko za jina la chuo. Nilijiambia kwamba namwepusha na usumbufu. Lakini nilikuwa naogopa vidole vyake, ambavyo vina weupe kwenye kucha usiotoka kwa sabuni, na naogopa mtu mmoja amuulize yeye ni nani na anafanya kazi gani. Mtu angehitaji kutazama kucha zile na kusoma ukurasa mmoja wa daftari langu, basi.

Siku ya mtahini, asubuhi, mwalimu alipita akasema udongo umepauka sana, ninyunyizie maji kidogo rangi ikolee. Nikachukua chupa nikanyunyizia. Rangi ilikolea kweli. Ilipanda na harufu, ile ya mvua ya kwanza inapogonga ardhi kavu, ikajaa kona yangu yote. Mtoto wa muuza udongo alipaswa kujua. Mama mwenyewe siku ambazo biashara imelala hulitia sinia lake maji kidogo kwa ncha za vidole, na ndani ya nusu saa wanawake wanaanza kusimama. Nimemwona akifanya hivyo mara ngapi sijui. Na bado nilinyunyiza, nikarudi nyuma kutazama rangi.

Mtahini alifika saa tano. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, suti ya kijivu, miwani, faili mkononi. Mwalimu alimzungusha kwa wenzangu wawili wa kwanza, kisha akaitwa upande wa pili wa ukumbi ambako kazi ya mtu ilikuwa imeanguka. Mtahini akaja kwangu peke yake. Nilisimama hatua tano pembeni, kama tulivyoelekezwa, mikono nyuma. Alitazama dirisha. Akainama karibu zaidi. Akanyanyuka, akaandika neno moja, akainama tena. Nilidhani kazi imempendeza sana.

Na ndipo mama akaingia.

Alikuwa amevaa baibui lake la sikukuu na kubeba mkoba wake wa harusini. Nilikuja kujua baadaye kwamba mteja mmoja alimwambia kuna maonyesho na kila mtu anaingia bure. Aliangaza macho, akaniona, akaanza kutabasamu. Nikatoa simu mfukoni nikaitazama. Haikuwa na ujumbe wowote. Nilipoinua macho tabasamu lilikuwa limekwisha, na mama alikuwa amesimama mbele ya meza yangu anasoma daftari. Husoma taratibu, kidole chini ya mstari. Nilikiona kidole kikishuka, kikasimama, kikarudi juu, kikashuka tena. Alisoma ukurasa ule mara mbili. Kisha akalifunga daftari vizuri, akalinyoosha liwe sawa na ukingo wa meza.

Angeweza kuondoka hapo. Lakini aligeuka na kumwona mtahini.

Mimi nilikuwa nimemtazama mwanamke yule dakika kumi nzima na sikuona kitu. Mama alimtazama mara moja. Mtahini alikuwa anameza mate. Mkono wake uliinuka kuelekea kwenye nyumba moja ya nyigu, ukashuka, ukashika kalamu, ukainuka tena. Mama alikwenda moja kwa moja, akapita mbele yangu, akashika nyumba ya safu ya chini na kuivunja kwa kiganja. Ilitoa mlio mkavu. Aliifunga kwenye karatasi ya ratiba ya maonyesho na kuisukuma chini ya faili la mtahini.

"Chukua, mama," alimwambia kwa sauti ya chini. "Usijitese."

Mtahini alimtazama. Sijawahi kuona uso unaobadilika hivyo, hofu na njaa pamoja. Halafu alifungua mkoba wake, akatumbukiza kile kifurushi, akafunga zipu.

Mwalimu alikuwa ameusikia ule mlio. Alikuja haraka, akaona doa jeupe palipokuwa na nyumba, akamwona mama na vumbi kiganjani.

"Mama, shikamoo. Hapa hairuhusiwi kugusa." Kisha akanigeukia mimi. "Huyu unamfahamu?"

Mtahini alikuwa pale na faili lake. Daftari lilikuwa mezani. Mama alikuwa na kucha zake nje, hakuzificha. Nilifikiri kwa haraka, na siwezi kusingizia kwamba sikupata muda wa kufikiri, maana niliyaona yote kwa mpangilio: nikisema ni mama yangu ataulizwa ameujuaje udongo, atajibu, na mimi nitakwenda disko.

"Hapana, mwalimu," nilisema. "Ni mgeni tu."

Mama hakugeuka kunitazama kwa mshangao. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuchukua hata nukta kulielewa.

"Mie mgeni tu, baba," alimwambia mwalimu. "Nimepita nikaona pazuri, mkono ukaniponyoka. Mnisamehe." Akavuta baibui begani akatoka, kwa mwendo wake wa siku zote, wala haraka hakuwa nayo.

Mwalimu aliomba radhi kwa mtahini. Mtahini alisema si kitu, akashika mkoba wake karibu zaidi na ubavu. Aliniuliza maswali mawili.

"Udongo huu umeuandaa mwenyewe?"

"Ndiyo, madam."

"Tangu kutwanga?"

"Ndiyo."

Akaandika. Sidhani kama aliniamini. Lakini naye alikuwa na lake ndani ya mkoba, na hakuwa mtu wa kuuliza swali la tatu. Alipoondoka nilikwenda chooni nikanawa uso. Nilijiona mchafu, na kunawa hakukunisaidia.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja jioni nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Mama alikuwa uani, kapu la viazi mbele yake. Alinyanyuka.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani, karibu ukae."

Aliniletea kiti kile chenye mto. Akaleta beseni na birika akaninawisha mikono, amesimama, mimi nimekaa. Kisha akafungua kabati la vioo na kutoa sahani zenye maua ya dhahabu ukingoni, zile ambazo tangu nizaliwe nimezifuta vumbi kila Idi na sikuwahi kuzilia. Akapakua wali, akaniwekea samaki mzima, yeye akakaa mkekani na mkia wa samaki mwingine kwenye bakuli la plastiki.

"Mama, mbona hivi?"

"Kula. Mgeni hasemi na njaa."

Nilikula nusu. Niliponyanyuka na sahani akanipokonya kwa upole. Mgeni haoshi vyombo. Nilipotaka kufagia, ufagio ulikuwa umefichwa. Alinitandikia kitanda kwa shuka jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, yeye akalala chini. Hakuninunia hata kidogo. Alikuwa mchangamfu, aliniuliza habari za kwetu, kama wazazi hawajambo. Jirani alipochungulia na kuuliza kuna nini leo, sahani za kabatini, mama alisema, "Nimepata ugeni kutoka chuo." Jirani alicheka akidhani ni utani kwa sababu ya maonyesho. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, chai ya maziwa na maandazi, mimi kwenye kiti, yeye amesimama. Niliomba msamaha mara tatu. Mara zote tatu alijibu, "Aa, jisikie nyumbani," na hilo lilinitia uchungu kuliko angenizaba kibao. Kwa siku mbili hizo hakuniita mwanangu.

Siku ya tatu nilipoamka kiti hakikuwepo. Kabati lilikuwa limefungwa na ufunguo umetolewa. Chai ilikuwa ya rangi, kwenye kikombe changu cha bati. Nilipotoka uani nilikuta kinu kimewekwa katikati, mchi umeegemezwa, na pembeni gunia zima la mabonge ya Pugu, limefunguliwa mdomo. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa siku ya tatu ina nini.

Mama alikuwa amekaa kwenye kile kigoda changu.

"Umeandika umetwanga siku nne," alisema. "Nimesoma. Umeandika vizuri, mwandiko umenyooka."

"Mama—"

"Mie sitokwenda chuoni kwenu kusema kitu. Siri za watu nimezoea kutunza, nitashindwa vipi yako? Lakini mie sina mtoto mwongo. Ulichoandika kitakuwa kweli. Shika mchi, mwanangu."

Nililia hapo, mbele ya jirani aliyekuwa anaanika nguo, na sikujali. Kisha nilishika mchi.

Kutwanga udongo hakufanani na kutwanga mpunga. Vumbi lake linaganda kooni, na mchi ukiuinua vibaya unarudi begani. Siku ya kwanza nilitoka malengelenge manne. Mama alichota unga wangu, akauonja, akatema, akasema una mchanga, nikarudia. Siku ya pili aliusifu kidogo. Siku ya tatu mikono ilikuwa imefungwa vitambaa na nilianza kujua, kwa sauti tu, bonge lililokwisha na lile ambalo bado. Sikwenda kumwambia mwalimu ukweli. Nilijipa sababu nyingi, na sababu yenyewe ni kwamba nilitaka cheti.

Siku ya nne, adhuhuri, simu ililia mfukoni. Ilikuwa ujumbe wa mwalimu. Nimefaulu, daraja la pili, na mtahini ameandika kwamba mwanafunzi anaijua malighafi yake. Niliusoma mara mbili nikiwa nimesimama, mchi kwapani, jasho jeupe likinichuruzika mpaka kwenye viwiko. Mama alikuwa anachekecha, mgongo kwangu.

"Mama, nimefaulu."

Hakugeuka mara moja. Alikung'uta chandarua, akaangalia unga ulivyoshuka, akainua uso akanitazama miguu mpaka kichwa jinsi nilivyopauka.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Bado nusu gunia."